Mgonjwa wa Kuazima

Jumatatu, 8 Septemba

Kazi kubwa imeingia! Daktari Naimo, mwenye zahanati ya kina mama hapa Tala nyuma ya maduka ya hadwea, amekuja kwa miguu yake mwenyewe mpaka saiba yangu, duka langu la kompyuta na intaneti. Anataka zahanati iingizwe kwenye bima ya serikali. Anasema wagonjwa wanampita mlangoni wakienda kule bima inakubaliwa, na mambo yakiendelea hivi atafunga arudi Garissa kwa ndugu zake. Nikamwambia atulie. Nikamwambia amefika.

Angeweza kwenda kwa Wathome. Saiba ya Wathome iko mlango wa pili kutoka kwangu, na amebandika karatasi ukutani ati anasaidia watu kujaza fomu za serikali. Kusaidia! Mimi sisaidii. Mimi Kitheka ni mshauri. Nimechapisha kadi.

Nikapiga leseni yake picha kwa simu, nikatengeneza nywila, nikatuma ombi. Daktari akaomba nywila. Nikamwambia mambo ya nywila ni ya kitaalamu, aniachie mimi.

Sasa kuna la nyumbani. Munyiva, mke wangu, anakaribia kujifungua. Anataka kuzalia kwa Daktari Naimo kwa sababu anamwamini. Lakini leo ameniambia, tena akikunja nguo, kwamba Ijumaa ikipita zahanati haijakubaliwa, yeye anaenda Ndithini kwa mama yake. Mama mkwe, Mbithe mwenyewe, hanipendi. Sijapeleka mbuzi wa ntheo, wale wa kwanza kabisa wa mahari, ambao bila wao kwetu Ukambani hujaoa, umekaa tu na binti ya watu. Mtoto akizaliwa pale kwake kabla ya mbuzi, ni wake. Atampa jina la kwao.

Na mimi, akiwa msichana, nataka aitwe Kalunde. Ni jina la mama yangu. Mama alifariki kabla ya kushika mjukuu na jambo hilo huniuma mpaka leo.

Munyiva akauliza kama bima yetu sisi wenyewe iko sawa. Nilicheka sana! Mimi nilijisajili kabla ya mtu yeyote Tala, na maswali yao yote niliyajibu kwa akili.

Jumanne, 9 Septemba

Ombi limerudishwa. Ala! Wanasema tarehe ya leseni haionekani. Daktari Naimo akaangalia ile picha na kuniuliza ni kitu gani hicho kimefunika tarehe. Ni kidole gumba changu. Nikamweleza kwamba kidole si tatizo, tatizo ni kutojulikana. Karatasi ni za watu wasiojulikana.

Nikanunua asali sokoni, ile nzito, mtungi mzima, nikashika njia mpaka Machakos mjini. Pale ofisi ya bima kulikuwa na foleni ndefu. Mimi sikupanga foleni. Nikaangalia nani ana sura ya mkubwa. Nikamwona mmoja kwenye ujia, tai nyekundu, faili kwapani, kalamu mbili mfukoni, akitembea huku na huku kama mwenye nyumba. Nikamvuta kando, nikamsalimia kwa heshima, nikampa asali, nikamwambia kuna zahanati ya Tala aitazame kwa jicho la huruma.

Akapokea kwa mikono miwili. Akaniambia jina lake ni Henry. Akanishukuru sana, akasema Mungu atanikumbuka, kwa sababu yeye pia ana zahanati, kule Masinga, na amekuwa kwenye foleni hiyo tangu wiki jana, na hakuna mtu aliyewahi kumletea hata chai.

Nikamwomba anirudishie. Alikuwa ameshafungua.

Jumatano, 10 Septemba

Usaliti! Daktari Naimo amepeleka leseni kwa Wathome ikapigwa skani, kisha akaniletea niitume kwa nywila yangu. Dakika chache tu na ombi limepokelewa. Wathome alipita mlangoni kwangu akanisalimia kwa upole. Ule upole ndio unaoniudhi.

Lakini sasa ndipo ninapohitajika. Ujumbe umekuja kwamba wakaguzi wako upande wa Kangundo wiki hii, na Ijumaa watapitia zahanati ya Daktari. Yeye anasema hana wasiwasi, vifaa viko, dawa zipo, jenereta inawaka. Kesho hata anaenda Isili, Nairobi, kununua dawa, atalala huko kwa dada yake, atarudi Ijumaa asubuhi. Lo! Hawa watu waliosoma hawaelewi dunia. Nimeingia pale wodini. Vitanda vinne vimetandikwa shuka nyeupe, na hakuna hata mtu mmoja amelala! Mkaguzi akiona hivyo atafikiri nini? Hoteli isiyo na wateja, hata wewe huingii.

Kinachohitajika ni mgonjwa. Mgonjwa wa kuonekana, mwenye mvi.

Nimemwendea Mjomba Kiema, kaka ya marehemu mama. Ana miaka sabini na moja, ana afya ya punda, na hana kazi ya maana tangu auze ng'ombe. Nikamweleza kwamba ni kulala tu kutoka Alhamisi mpaka Ijumaa mchana, chakula juu yangu. Alikubali kabla sijamaliza kusema. Nikamwapisha asimwambie mtu, hata mke wake. Aliapa kwa jina la mama yangu.

Munyiva hajui. Mwanamke mjamzito hapaswi kusumbuliwa na mikakati.

Alhamisi, 11 Septemba

Asubuhi ilienda vizuri. Nimempeleka Mjomba kwa boda, nimemfunga leso kichwani, nimemfundisha kugumia kwa uchungu. Muuguzi, Loise, akampima presha. Ikatoka nzuri kuliko yake. Akasema mzee hana ugonjwa, arudi nyumbani. Nikamwambia ugonjwa wenyewe ni wa ndani, hauonekani na mashine. Mjomba akagumia. Loise akatuangalia sote wawili, akasema Daktari akirudi tutajibu wenyewe, akaenda kuchemsha vyombo.

Kosa langu ni moja tu. Nilisahau huyu ni mtu wa nani. Mjomba Kiema ni mwenyekiti wa jumuiya yake kanisani tangu mimi ni mtoto! Yule wa boda alimwona akishuka na leso kichwani. Yule wa boda ana mdomo.

Kufikia saa sita, kina mama wa jumuiya walikuwa wamefika na thamosi. Huku kwetu mtu akilazwa, unaenda. Hata kama hamsemezani, unaenda, unasimama kando ya kitanda, unauliza ilianza vipi. Ilianza vipi! Mjomba akawaambia ilianza kwa mguu. Waliofuata aliwaambia ni kifua. Kila kikundi kiliomba, kikaacha chakula. Amekula muthokoi sahani mbili, mayai, paja la kuku, na uji ambao ulikuwa wa mgonjwa wa kweli aliyekuja kutolewa nyuzi za mshono.

Alasiri nikaona kikundi kipya kwenye simu. “Tumshike Mkono Mzee Kiema.” Watu wa Tala, wa Kangundo, mpaka watoto wa ndugu walioko Qatar. Na ni nani aliyekifungua? Wathome! Ameandika kwa huzuni kwamba mzee wetu amelazwa hali si nzuri, kila mtu aguswe. Wakaanza kuguswa, pesa zikaanza kuingia. Mtu mmoja akasema amesikia ni damu kichwani. Mwingine akauliza kama ni kweli figo zimesimama. Mimi nikaandika kwamba mzee anaendelea vizuri. Wakaniambia nisiwape watu matumaini ya uongo.

Nikamrudia Mjomba nikamwomba ainuke twende nyumbani, mpango umeharibika. Akakataa! Amesema hajawahi kupendwa hivi maishani mwake. Amesema kesho wanaleta pilau.

Munyiva amelia jioni yote. Anampenda sana Mjomba. Nimemshika mkono, nimeshindwa kusema ukweli, na hata chapati zake sikula.

Ijumaa, 12 Septemba

Nitaandika yote kwa mfuatano.

Mjomba alikula pilau asubuhi. Pilau, asubuhi! Usingizi ukamchukua. Nzi wakamsumbua, akajifunika shuka kuanzia miguu mpaka juu ya kichwa. Mke wake ndipo akaingia, ametoka shambani mbio, hata jembe yuko nalo. Akaona kitanda, akaona shuka. Nduru aliyopiga ilisikika mpaka stendi.

Basi. Jumuiya yote iliyokuwa nje ikaingia ndani. Wimbo wa kuaga ukaanza, sauti ya kwanza na ya pili. Kwenye simu watu wakaandika pole, pole, pole. Mtu wa kukodisha hema akafika kuuliza tutachukua la watu wangapi. Fundi wa majeneza, ambaye duka lake liko karibu mno na zahanati kwa maoni yangu, akaingia na tepu ya kupimia. Na mlangoni, na faili yake kifuani, amesimama mkaguzi! Madam Mukai kutoka ofisi ya bima. Alikuwa akimuuliza Loise kwa sauti ndogo kama vifo ni vya kila siku.

Fundi akaweka tepu kwenye unyayo wa Mjomba, akaivuta. Mjomba huwa na mtekenyo. Akaketi wima ndani ya shuka na kuuliza ni nani amekula paja lake.

Sijawahi kuona mlango mmoja ukipitisha watu wengi hivyo. Wengine walitumia dirisha. Kitanda cha Mjomba kilivunjika, cha pili kikapinduka, fundi alitoka akakumbuka tepu lakini hakuirudia. Mke wa Mjomba alibaki, akamchapa mume wake na kiatu kwa kumtia hofu, kisha akamkumbatia, kisha akamchapa tena.

Na kwenye benchi pale kona, katikati ya fujo yote hiyo, alikuwa Munyiva wangu. Alikuja kuomboleza. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka, ameshika ukuta, ananiita jina.

Daktari Naimo alikuwa anashuka garini na katoni za dawa. Hakuuliza swali hata moja. Alisema neno moja tu, tokeni, na wakatoka hata waliokuwa wameanza kurudi. Akanawa mikono. Stima ikapotea, na jenereta ikawaka yenyewe. Kumbe ni kweli inawaka. Loise akaleta vyombo. Madam Mukai akaweka faili chini, akavua saa, akasema yeye alikuwa mkunga kabla ya kuwa mkaguzi, anaweza kushika nini. Daktari akamwambia ashike mkono wa mama, na amsugue mgongo.

Mimi nilikuwa stoo, nyuma ya katoni za glavu. Sikujificha. Nilikuwa nalinda dawa.

Nikasikia mtoto analia. Nimelia pia, nimekaa sakafuni nimelia kama mjinga. Nimeandika hivyo kwa sababu hii ni shajara yangu na hakuna atakayeisoma. Ni msichana! Nikaruhusiwa kumwona. Ana paji la uso la mama yangu, lile lile.

Madam Mukai alipokuwa akichukua faili yake alimwambia Daktari kwamba ameona zahanati nyingi zilizopambwa kwa ajili yake, lakini hii ndiyo ya kwanza ambako ameona kazi yenyewe. Kisha akauliza yule mzee wa kitandani alikuwa na ugonjwa gani. Loise akanitazama. Nikasema amepona.

Jumapili, 14 Septemba

Mtoto ana manjano kidogo, Daktari amesema wakae bado siku chache awaangalie. Munyiva hanisemeshi sana tangu ajue habari ya Mjomba. Atasahau. Wanawake husahau wakishapata mtoto.

Kanisani Mjomba Kiema alisimamishwa mbele. Nilidhani ataungama. Akatoa ushuhuda! Amesema alifika ng'ambo, akaona mwanga mkubwa, akaambiwa rudi, kazi haijaisha. Ule mwanga ni dirisha. Watu walilia. Mchango wote uliokusanywa na lile kundi la Wathome, jumuiya imeamua usipotee, wamemlipia Mjomba bima ya mwaka mzima. Amepiga magoti akashukuru. Huyu mzee ana kipaji ambacho hata mimi sikujua.

Jumatatu, 15 Septemba

Zahanati imekubaliwa! Ujumbe umeingia asubuhi. Daktari Naimo alifurahi mpaka akanunulia duka zima la jirani soda. Watu wakampongeza Wathome kwa ile skani. Skani! Nani alijaza wodi? Nani alileta mama mwenye uchungu mbele ya mkaguzi? Lakini tuyaache. Wakubwa hawajisifu.

Ila mchana mambo yaliharibika. Nitaandika haraka.

Mama mkwe amefika kutoka Ndithini na kibuyu cha uji. Amekaa kando ya kitanda akimshika mtoto. Daktari akasema kwa vile Munyiva bado amelazwa, bili yote itaingia kwenye bima leo, tusilipe chochote. Nikamwangalia mama mkwe nikatabasamu. Daktari akaniacha niingize nywila, akaomba kitambulisho changu, akaandika namba, akageuza kompyuta ili sote tuone.

Niko kwenye mtandao, ndiyo. Kitheka, Tala. Mapato: hakuna. Nyumba: hakuna, nalala kwa marafiki. Watoto: hakuna. Hali ya ndoa: sijaoa.

Nilieleza! Nilieleza kwamba yale maswali ndiyo yanayopima utalipa kiasi gani, na mtu mwenye akili hujipunguza. Nilieleza kwamba ni mkakati tu. Loise aliacha kukunja shuka.

Munyiva aliisoma mara mbili. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Aliniuliza tu, kwa sauti ndogo, siku ile najaza hayo yeye alikuwa wapi. Alikuwa jikoni. Alikuwa ananipikia.

Mama mkwe akasema yeye amekuwa akisema hivyo hivyo kwa muda mrefu, na anafurahi kuona serikali imefika mahali alipofika yeye. Akasema kesho akiruhusiwa, binti yake na mtoto wanaenda Ndithini. Bili atauza ndama alipe mwenyewe. Na mtoto ataitwa Mbithe mpaka atakapoona mbuzi.

Nikamfuata Daktari Naimo nje. Ni mtu mzuri yule. Akasema jambo hili ni dogo, nirekebishe, niseme ukweli, nina mke na mtoto na saiba, nilipe kinachonistahili, nijiombee kwa mama mkwe muda wa siku mbili. Akasema Wathome amefanya marekebisho kama hayo kwa watu wengi na hata hatozi.

Wathome! Nikae kwenye kiti cha Wathome, mbele ya wateja wake, nitamke kwa mdomo wangu kwamba nilidanganya? Afadhali nilale kwa marafiki kweli.

Jumanne, 16 Septemba

Wameenda. Walipita mbele ya saiba, mtoto amefunikwa blanketi la manjano. Niliona mguu mmoja umetoka nje. Nilitaka kukimbia nimfunike. Mama mkwe akaniambia kwa dirisha la gari kwamba ndama hajauzwa bado, mnunuzi atakuja kesho jioni, na kama mimi ni mwanamume nimalize bili kabla yake, basi ataketi chini tuongee habari ya jina. Munyiva alitazama mbele. Nilikaa pale kwenye ngazi muda mrefu. Nikarudi nyumbani. Hata sufuria zimepangwa kwa namna yake na siwezi kuzigusa.

Ndipo wazo likanijia. Ni zuri mno!

Ni nani ana bima iliyolipwa mwaka mzima? Mjomba Kiema. Ni nani alilazwa zahanati ya Daktari Naimo siku ya Ijumaa? Mjomba Kiema. Kuna mashahidi? Jumuiya nzima, mkaguzi, na fundi wa majeneza. Na nywila ya zahanati anayo nani? Wathome hana. Daktari mwenyewe hana.

Nimeingia kwenye mtandao. Mgonjwa: Kiema, mwanamume, miaka sabini na moja. Tiba: kujifungua. Nilisita kidogo hapo. Lakini mtandao haukusita. Umekubali! Daktari nitamwambia baadaye, nimfurahishe. Bili ikishafutika naenda Ndithini na risiti mkononi, na jina la mama yangu litaitwa kwenye nyumba yangu.

Kumebaki jambo moja dogo. Wanataka picha ya mzazi akiwa na mtoto. Mtoto nitaazima kwa jirani, wake ni mkubwa kidogo lakini atafunikwa. Mjomba yuko tayari, ameomba kuku mzima. Anakuja kesho asubuhi. Amenipigia simu sasa hivi akiuliza kama anyoe ndevu.

Nimemwambia anyoe.